Nilivyojifunza kuisikia hesabu

Ukimwambia mtu kwamba unasomea shahada ya teknolojia ya muziki, swali la kwanza karibu kila mara ni hili: mnafundishwa programu gani? Ni swali la haki, maana kinachoonekana kwa nje ni kompyuta, spika na meza yenye vitufe vingi. Lakini nikiikumbuka miaka yangu ya chuo, programu ya kurekodia ilichukua wiki chache za mwanzo, na wengi wetu tulijifundisha wenyewe usiku. Kilichokula muda, na kilichonibadilisha, ni kujifunza kuunganisha namba na sikio. Niliingia nikiwa na muziki upande mmoja na hesabu upande mwingine, nikidhani nitavuka kutoka huku kwenda kule kila kengele ya kipindi ikilia. Taratibu nikaanza kusikia kasoro kwenye rekodi na papo hapo namba inanijia kichwani, au kuiona namba kwenye karatasi na kujua itasikikaje. Naandika haya kwa ajili ya anayefikiria kujiunga na kozi hii, na zaidi kwa aliye katikati yake ambaye ameanza kukata tamaa.

Wazo lenyewe ni la zamani kuliko kompyuta za mezani. Mwaka 1946 mtunzi Arnold Schoenberg alimwandikia mkuu wa Chuo Kikuu cha Chicago akipendekeza wafundishwe mafundi sauti ambao wangejua muziki kwa undani pamoja na fizikia na mitambo. Mwaka 1949 mafunzo ya aina hiyo yakaanza Detmold, Ujerumani, na mhitimu wake akaitwa Tonmeister, neno la Kijerumani lenye maana ya bingwa wa sauti. Chuo Kikuu cha Surrey, Uingereza, kikaanzisha shahada ya jina hilo hilo mwaka 1970. Leo kozi za teknolojia ya muziki ziko nyingi na hazifanani. Nyingine ni shahada za sayansi zenye hesabu nzito na usanifu wa saketi. Nyingine ni shahada za sanaa zinazoegemea utunzi na uzalishaji. Ya kwangu ilikuwa katikati, na darasa letu lilionyesha hivyo. Kulikuwa na wapiga kinanda waliosoma nota tangu utotoni lakini waliikimbia trigonometria, na kulikuwa na vijana walioandika programu za kompyuta kwa urahisi lakini hawakuweza kutaja akodi moja wakiisikia. Mhadhiri wa muhula wa kwanza alitukalisha wawili wawili, mmoja wa kila upande, na akakataa kupokea kazi ya mtu mmoja mmoja. Mpango ule ulinifaa kuliko vitabu vyote vya mwaka ule. Mwenzangu alinifafanulia namba changamano mpaka zikaacha kunitisha. Mimi nikamfundisha kuimba vipindi vya sauti, yaani umbali kati ya noti moja na nyingine, kutoka ya kwanza hadi ya tano, huku tunatembea kwenda bwenini.

Somo lililonitisha zaidi lilikuwa la mawimbi na ishara. Joseph Fourier, katika kitabu chake kuhusu joto kilichochapishwa mwaka 1822, alionyesha njia ya kuligawa umbo tata kuwa jumla ya mawimbi rahisi. Ubaoni ni mstari mrefu wa alama. Maabara tulianza na wimbi moja rahisi la hezi 200, yaani mitetemo 200 kwa sekunde, laini, halina hata chembe ya ukali. Tukaongeza la hezi 600 kwa theluthi ya nguvu ya lile la kwanza. Tukaongeza la hezi 1,000 kwa moja ya tano. Kisha 1,400 kwa moja ya saba, na kuendelea hivyo kwa namba witiri. Kila wimbi lilipoingia, sauti iliendelea kuwa noti ile ile, lakini rangi yake ikazidi kuwa ngumu, yenye pua, mpaka ikafanana na filimbi ya mbao inayopulizwa chini kabisa. Kwenye skrini mstari uliokuwa umepinda kwa upole ukaanza kuwa na kona za mraba. Kuanzia siku ile mstari wa alama ubaoni ulikuwa na sauti yake kwangu, na mtihani wa somo lile niliufanya huku nikisikia majibu.

Ndiyo maana napenda sana kisa cha John Chowning. Alikuwa mtunzi, si mhandisi. Mwaka 1967, akiwa Stanford, alikuwa akichezea mtetemo wa noti kwenye kompyuta, ule ambao mwimbaji huuweka mwishoni mwa neno refu. Akauongeza kasi zaidi na zaidi, na mtetemo ukafika mahali sikio haliusikii tena kama mtetemo. Ukageuka kuwa rangi mpya ya sauti. Mtindo huo wa kuunda sauti ulinunuliwa leseni na Yamaha, na kinanda chao DX7 cha mwaka 1983 kikasambaza sauti hizo dunia nzima. Hesabu za kueleza jambo lile zilikuwepo kwenye vitabu vya redio kwa muda mrefu. Lililohitajika ni sikio la mwanamuziki lililotambua kwamba hapo pana kitu.

Upande wa sauti ya dijitali nao ulitufungukia kwa masikio. Kila mwanafunzi hukariri kwamba sidii, iliyoingia sokoni mwaka 1982, ina sampuli 44,100 kwa sekunde, yaani sauti imepimwa mara 44,100 kila sekunde, na kwamba ili kunasa sauti ya masafa fulani unahitaji sampuli zaidi ya mara mbili ya masafa hayo. Kukariri si kazi. Mhadhiri wetu alishusha idadi hadi sampuli 8,000 kwa sekunde, akaondoa kichujio kinachozuia sauti za juu, akacheza mlio mmoja unaopanda polepole. Ulipanda vizuri hadi hezi 4,000. Kisha, wakati chanzo kinaendelea kupanda, tulichosikia kikaanza kushuka. Mlio wa hezi 5,000 tukausikia kwenye 3,000. Ulipofika 7,000, masikio yetu yalipokea 1,000. Darasa zima likanyamaza. Hakuna aliyehitaji kuambiwa tena kichujio kile kinafanya kazi gani. Na ile namba yenyewe, 44,100, ambayo huonekana imeokotwa popote, ina sababu. Wahandisi walihifadhi sauti ya dijitali kwenye mashine za kanda za video, sampuli 3 katika kila mstari wa picha: mistari 245 mara 60 kwa sekunde katika mfumo mmoja wa televisheni, mistari 294 mara 50 katika mfumo mwingine. Zidisha mwenyewe, zote mbili zinakupa 44,100. Napenda kujua mambo ya aina hii kwa sababu yananikumbusha kwamba viwango tunavyovifuata viliamuliwa na watu waliokuwa na kifaa fulani mezani kwao.

Sasa nifike kwenye kipindi ambacho kilinifungua kuliko vyote. Kilikuwa cha maikrofoni. Mwenzetu mmoja, mpiga gitaa mwenye mkono mwepesi, alikaa katikati ya studio. Tuliagizwa kuweka maikrofoni moja sentimita 30 kutoka kwenye gitaa na nyingine ya aina ile ile sentimita 64, na hatukuambiwa kwa nini. Ukisikiliza ya kwanza peke yake, gitaa lilikuwa zuri. Ya pili peke yake, zuri pia, lenye hewa kidogo. Tukazifungua zote na kuzilinganisha nguvu. Gitaa likakonda ghafla, likapoteza kifua.

“Mbona nasikika kama napigia ndani ya bomba?” mpiga gitaa akauliza kupitia hedifoni zake.

Mmoja wetu akanyoosha mkono kwenye ikwalaiza, kifaa cha kupandisha au kushusha masafa fulani ya sauti. Mhadhiri akamzuia, akanikabidhi futikamba.

“Kabla hujagusa kitufe chochote, nipimie. Tofauti ya umbali ni kiasi gani?”

“Sentimita 34, Mwalimu.”

“Haya. Sauti inazivuka kwa muda gani?”

Kwenye hewa ya nyuzi 20 za Selsiasi sauti husafiri karibu mita 343 kwa sekunde, kwa hiyo sentimita 34 ni takriban milisekunde 1. Wimbi la hezi 500 hukamilisha mzunguko wake kwa milisekunde 2. Likifika kwenye maikrofoni ya pili limechelewa milisekunde 1, limechelewa nusu mzunguko: kwenye maikrofoni moja linapanda, kwenye nyingine linashuka, na ukijumlisha yanafutana. Hezi 1,500 nazo zinafutana, na 2,500, na 3,500, huku 1,000 na 2,000 zikiongezeka nguvu. Gitaa letu lilikuwa limetobolewa matundu kwa nafasi sawa kutoka chini hadi juu, na hakuna ikwalaiza ingeyaziba, kwa sababu huwezi kuongeza nguvu ya kitu ambacho kimeshafutika.

Kisha akanivalisha hedifoni na kuniambia niisogeze maikrofoni ya mbali kwa mkono, polepole, kuelekea kwenye gitaa. Nikasikia matundu yakitembea. Nilipokata umbali hadi tofauti ya sentimita 17, tundu la kwanza lilikuwa limepanda hadi karibu hezi 1,000, na ule ubomba ukawa mwembamba, wa juu zaidi. Nikaendelea. Maikrofoni mbili zilipokaribia kugusana vichwa, gitaa likarudi zima, lenye kifua na mbao na kucha. Nilikuwa nimeisikia milisekunde moja ikipungua hadi sifuri. Hakuna mhadhara ambao ungenipa hilo.

Tangu hapo sijawahi kuweka maikrofoni mbili bila kujiuliza kuhusu umbali. Tulifundishwa kanuni ya tatu kwa moja, kwamba ukirekodi watu wawili kila mmoja na maikrofoni yake, umbali kati ya maikrofoni hizo uwe angalau mara tatu ya umbali wa kila moja kutoka kwa mtu wake. Tulifundishwa pia mbinu ya Alan Blumlein, aliyeomba hataza ya sauti ya stereo mwaka 1931: maikrofoni mbili zilizokaa mahali pamoja, zimeelekezwa pande tofauti kwa nyuzi 90, hivyo sauti haichelewi kufika kwenye yoyote kati yake. Kabla ya kipindi cha gitaa ningeyashika haya yote kama amri. Baada yake niliweza kuyatoa mwenyewe kutoka kwenye mita 343.

Mafunzo ya sikio yalikuwa ya kila siku na yalichosha. Kompyuta inacheza mvumo ambao nguvu yake imegawanywa sawa kwa kila oktavu, halafu eneo moja linapandishwa kwa desibeli 12 (desibeli ni kipimo cha ukubwa wa sauti), na wewe useme ni eneo gani: 125, 250, 500, 1,000, 2,000 na kuendelea. Mwanzoni unabahatisha. Kisha unaanza kutengeneza kumbukumbu zako. Kwangu 250 ni sauti ya mtu anayezungumza mikono imefunika mdomo. 4,000 ni pale konsonanti zinapochoma. Walipoona tumeanza kupata, wakashusha kipimo hadi desibeli 6, kisha 3, na badala ya mvumo wakaleta muziki kamili. Usiruke mazoezi haya hata kama hayana alama nyingi. Ni dakika chache kila siku, na hakuna kifaa utakachonunua kitakachokupa nusu ya faida yake.

Sambamba na hilo tulisoma sikio lenyewe lilivyo. Harvey Fletcher na Wilden Munson walichapisha mwaka 1933 vipimo vilivyoonyesha kwamba sikio halisikii masafa yote kwa usawa, na kwamba kutokuwa sawa huko kunategemea ukubwa wa sauti. Ukishusha sauti, besi inapotea kwanza. Hii ndiyo sababu mchanganyiko uliofanywa kwa sauti kubwa usiku unasikika mwepesi asubuhi ukiusikiliza kwa utulivu. Nilijiwekea desturi ya kuchanganya kwa sauti ya chini kiasi cha mtu kuweza kuzungumza nami bila kupaza, na kupandisha kwa muda mfupi tu kukagua besi. Desturi hiyo inalinda pia masikio. NIOSH, taasisi ya Marekani ya usalama na afya kazini, inapendekeza kisichozidi desibeli 85 kwa saa 8, na kila desibeli 3 zinazoongezeka zinapunguza muda kwa nusu: 88 kwa saa 4, 91 kwa saa 2, na ukifika 100 umebakiwa na dakika 15. Nina wenzangu wanaofanya kazi za majukwaani ambao tayari wana mlio usiokoma masikioni. Mwanafunzi wa fani hii anapaswa kuvaa vizibo vya masikio tangu mwaka wa kwanza, na vyuo vinapaswa kuvitoa pamoja na kitambulisho. Hili nalisema kwa uchungu.

Kisha kuna chumba. Kwa muda mrefu nilidhani chumba ni mahali tu pa kufanyia kazi. Kumbe ni ala. Mwaka 1895 mhadhiri kijana wa fizikia wa Harvard, Wallace Sabine, aliombwa arekebishe ukumbi wa mihadhara ambamo maneno hayakueleweka. Alifanya kazi usiku, mji ukiwa kimya, akiwa na bomba la kinanda, saa ya kusimamisha, na masikio yake mwenyewe. Yeye na wasaidizi wake walibeba mito ya viti kutoka ukumbi wa jirani, wakaongeza kidogo kidogo, wakipima kila mara sauti inachukua muda gani kufa. Kutokana na kazi hiyo akapata kanuni ambayo bado tunaitumia: muda wa mwangwi kwa sekunde ni 0.161 mara ujazo wa chumba kwa mita za ujazo, gawanya kwa jumla ya unyonyaji wa sauti wa kuta, viti na watu. Chumba cha mita za ujazo 200 chenye unyonyaji wa mita za mraba 20 kitakupa takriban sekunde 1.6. Ukumbi wa muziki wa Boston, uliofunguliwa mwaka 1900, ulijengwa kwa ushauri wake, na hadi leo wanamuziki huusifu.

Sisi tulifanya zoezi hilo kwa puto. Ukumbi mtupu, maikrofoni nyuma, mtu mmoja mbele anapasua puto kwa pini. Mlipuko ule unafuatwa na mkia unaopotea darini. Kwenye skrini unaona mteremko. Kwa kuwa kelele ya kawaida ya jengo huumeza mwisho wake, unapima kushuka kwa desibeli 30 na kuzidisha muda kwa mbili ili upate wa desibeli 60. Halafu darasa zima likaingia na kukaa, tukapasua puto jingine. Mteremko ukawa mkali zaidi na sikio likakubali bila kuangalia skrini: mkia ulikuwa mfupi, wa joto zaidi. Miili yetu na nguo zetu zilikuwa zimeingia kwenye kanuni ya Sabine. Mpaka leo nikiingia mahali papya napiga kofi moja kabla ya kufungua mkoba wa vifaa.

Somo la historia wengi walilichukulia kama la kupumzikia. Mimi lilinigusa. Vitabu vingi huanza na Pierre Schaeffer, mwaka 1948, mjini Paris, akitengeneza muziki kutokana na sauti za treni zilizorekodiwa. Lakini miaka minne kabla, mwaka 1944, Mmisri Halim El-Dabh alichukua kinasa sauti cha waya jijini Cairo, akarekodi wanawake kwenye zar, ibada ya kutuliza pepo, kisha akaenda kwenye studio ya redio kuichezea rekodi ile kwa mwangwi na vichujio mpaka ikabaki ile mivumo ya juu ya sauti zao. Kwa mwanafunzi aliyezoea kuona majina ya Ulaya na Marekani peke yake kwenye kila ukurasa, kujua hilo ni jambo kubwa. Kulikuwa pia na Delia Derbyshire, aliyesoma hesabu na muziki Cambridge na kufanya kazi katika karakana ya sauti ya BBC, akikata na kuunganisha kanda kwa wembe, noti moja baada ya nyingine. Nilimnukuu kwenye insha zangu zaidi ya mara moja.

Nisisahau watu. Shahada hii ina vifaa vingi kiasi kwamba mtu anaweza kuimaliza bila kujifunza kuzungumza na mwimbaji, na hiyo itakuwa hasara. Tulipewa kazi ya kurekodi kwaya. Mwalimu wa kwaya alikuwa mtu mzima, mwenye kuheshimika, na waimbaji wake walikuwa wamesimama muda mrefu.

“Kijana, watu wangu wamechoka. Nipe jibu moja: tumeipata au hatujaipata?”

“Tumeipata, Mwalimu. Ila ubeti wa pili kuna kiti kimelia. Naomba turudie huo tu, halafu wapumzike.”

Akatabasamu, wakarudia ubeti mmoja, wakamaliza. Nilikuwa nimeandika kwenye daftari kila ubeti na dakika zake, kwa hiyo nilijua ninachoomba. Mtu aliyesimama mbele ya maikrofoni anataka kujua kwamba upande wa pili wa kioo kuna mtu anayesikiliza. Ukimya wa dakika mbili baada ya kuimba kwa nguvu zote unamvunja moyo, hata kama wewe unahangaika tu na kebo. Sema kitu: “Tunakusikia, dada, tunarekebisha jambo dogo, dakika moja.” Inatosha.

Hata hapa namba hazikuniacha. Mwimbaji mmoja aliniambia, “Fundi, najisikia nimechelewa.” Alikuwa sawa kabisa. Kompyuta huishughulikia sauti kwa mafungu. Fungu la sampuli 1,024 kwa kasi ya 44,100 ni milisekunde 23, na sauti inapoingia na kutoka muda huo unaongezeka. Nikashusha fungu hadi sampuli 128, chini ya milisekunde 3, na uimbaji wake ukatulia pale pale. Alichokihisi mwilini kilikuwa na hesabu yake, na kazi yangu ilikuwa kumwamini kabla ya kuiamini mashine.

Mwaka wa mwisho niliandika tasnifu juu ya mwangwi wa kutengenezwa. Nilianza na mbinu ya Manfred Schroeder wa Bell Labs, maabara ya utafiti ya kampuni ya simu ya Marekani, ya mwanzoni mwa miaka ya 1960: unaipitisha sauti kwenye njia kadhaa zinazoichelewesha na kuirudia, kila moja kwa muda wake, kisha kwenye vichujio vinavyozidisha wingi wa marudio bila kubadili rangi. Niliijenga kwa Pure Data, programu ya Miller Puckette iliyotoka miaka ya 1990, ambayo ni ya bure na inakubali kompyuta ya zamani. Siri ya mbinu ile iko kwenye kuchagua urefu wa ucheleweshaji. Ukichagua milisekunde 30, 36 na 42, marudio yanakutana mahali pamoja na unasikia mlio wa chuma. Ukichagua urefu ambao ukihesabiwa kwa sampuli hauna kigawo cha pamoja, marudio yanatawanyika na chuma kinayeyuka. Nilikaa wiki nzima nikibadili namba na kusikiliza mlio wa kofi moja, na naweza kusema ilikuwa wiki ya furaha.

Sehemu ngumu ilikuwa kuwauliza watu wengine wanasikia nini. Mtu akisikiliza sauti mbili na moja imezidi kwa desibeli moja tu, mara nyingi ataichagua iliyozidi, na atakupa sababu nzuri zisizohusiana na ukubwa: ina joto, ina uwazi. Kwa hiyo ilibidi nisawazishe nguvu ya mifano yote, nichanganye mpangilio kwa kila msikilizaji, na nifiche ipi ni ukumbi halisi na ipi ni programu. Ilinibidi pia niwape fomu ya ridhaa na niwaeleze matokeo yao yatatumikaje. Msimamizi wangu alirudisha maswali yangu tena na tena mpaka yakaacha kumwelekeza msikilizaji. Nidhamu ile ya kuuliza bila kudokeza jibu naitumia kila wiki kazini, ninapomchezea mteja matoleo mawili ya wimbo wake.

Kuhusu ajira, wenzangu wametawanyika: studio, redio, michezo ya kompyuta, sauti za filamu, ufundi wa majukwaa, ufundishaji, na wawili wanaandika programu za kuchakata sauti. Kozi nyingine zina mwaka mzima wa kufanya kazi nje kabla ya mwaka wa mwisho. Kama unaipata hiyo, ichukue. Kabla ya kuchagua chuo soma orodha ya masomo, si picha za studio. Angalia kama kuna hesabu na fizikia ya sauti, kama kuna mafunzo ya sikio zaidi ya muhula mmoja, na kama kuna muziki wa kupiga na kuimba, maana kozi isiyo na mojawapo ya hayo itakuacha na pengo utakalolijaza mwenyewe baadaye kwa shida. Uliza mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anapata saa ngapi za studio kwa wiki, na kama anaruhusiwa kuingia bila msimamizi. Halafu omba usikie tasnifu na rekodi za mwaka wa mwisho, ukiwa na hedifoni unazozijua, na umwombe aliyezifanya akueleze kwa nini aliweka maikrofoni pale alipoziweka.